Tunu zako zimo kwenye ratiba ya shifti

Swali: Shikamoo Maalim. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, kwetu Wete. Nafanya kazi kwenye hoteli moja pwani ya mashariki ya Unguja. Nilianza kwa kusafisha vyumba, na mwaka huu nimepewa idara nzima ya hausikiping, watu 22. Meneja alinipeleka mafunzo ya uongozi ya siku mbili. Tulipewa karatasi yenye maneno 60, tukaambiwa kila mtu achague matano ambayo ndiyo tunu zake. Nikachagua uadilifu, heshima, upendo, uwazi na bidii, nikapewa na cheti. Nimerudi kazini mambo ni yale yale. Mtoto wa mama yangu mdogo, niliyemtafutia kazi mimi mwenyewe, anachelewa kila siku na siwezi kumwambia kitu. Watu wazima naona haya kuwakosoa. Wengine wananong'ona kuwa nina upendeleo. Kila jambo naamua kwa namna yake, kutegemea nani kaniomba. Mkufunzi alisema kiongozi lazima azijue tunu zake. Nitazijuaje zangu za kweli? Na zitanisaidia nini kwa huyu kijana?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nilitaka kuanza kwa hongera, lakini watu 22 ni mzigo, khasa ukiwa umepewa uwaongoze wale wale uliokuwa ukisukuma nao kitroli mwaka jana. Basi hongera na pole kwa pamoja.

Swali lako umelijibu nusu bila ya kujua. Umeandika: "Kila jambo naamua kwa namna yake, kutegemea nani kaniomba." Sentensi hiyo ina faida kuliko yale maneno matano. Ile karatasi iweke kabatini pamoja na cheti, tuanze hapo.

Sisemi hivyo kwa kuwadharau waliokufundisha. Mimi mwenyewe niliwahi kuzigawa karatasi kama hizo, nikaacha. Mtu akipewa orodha ya maneno mazuri huchagua anavyopenda aonekane. Sijapata kumwona hata mmoja aliyetia alama kwenye "kuogopa lawama" au "kupendwa na kila mtu", na kwa sababu nzuri: karatasi hizo hazina maneno hayo. Lakini kaa wiki moja kwenye ofisi yoyote hapa kwetu, Unguja au Pemba, utaona kazi ngapi zinaendeshwa na mambo mawili hayo. Uadilifu atauchagua kila mtu. Hata mwizi ukimpa kalamu atauchagua.

Milton Rokeach, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye kazi yake ya mwaka 1973 bado inafundishwa, alikuwa na orodha mbili za tunu, kila moja ina 18: moja ya mambo ambayo mtu anataka maisha yake yafikie, nyengine ya mwenendo wake wa kila siku. Lakini hakuwaambia watu wachague. Aliwaambia wazipange, ya kwanza mpaka ya 18. Alijua kuwa takriban sote tunazithamini tunu zile zile. Tunachotofautiana ni ipi inatangulia mbili zinapogongana. Wewe unathamini upendo, na mwenzako wa dobini anathamini upendo. Swali ni upendo huo unakwenda wapi siku ambayo haki ya mtu mwengine imesimama mbele yake.

Sasa niseme jambo ambalo mkufunzi wako, pengine kwa kuwa vitabu vyake havikuandikwa visiwani, hakulisema. Sisi tuna muhali.

Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni jambo lisilowezekana. Sisi tumelifanyia kazi nyengine. Tukisema "nilimwonea muhali" tunakusudia kuwa kukataa kulinishinda. Ulimi ulikuwepo, sababu zilikuwepo, lakini alinizikia baba yangu, au ananiuzia samaki kwa mkopo, au nitaonana naye jioni msikitini. Kisiwa ni kidogo. Uliyemkatalia leo ndiye atakayekutilia maji siku ya msiba wako. Kwa hivyo usinielewe kuwa naushutumu muhali. Umetuwezesha kuishi mlango kwa mlango miaka mingi bila ya kutoana macho, na mtu asiyemwonea muhali mtu yeyote simtamani awe jirani yangu.

Lakini muhali una tabia moja mbaya: huvaa nguo za tunu. Unamwachia kijana wenu achelewe ukijiambia ni huruma. Unamnyamazia mtu mzima aliyetandika kitanda vibaya ukijiambia ni heshima. Ukitazama vizuri, pale pengine hapana huruma wala heshima. Pana khofu ya mama mdogo kusikia na khofu ya kuitwa mwenye kiburi. Huruma na khofu zinaweza kutoa kitendo kimoja, kama vile kunyamaza, lakini ni vitu mbalimbali, na walio chini yako wanavijua kuliko wewe.

Shalom Schwartz, mtaalamu mwengine wa mambo haya, alichapisha mwaka 1992 utafiti uliopitia nchi 20. Akazigawa tunu za wanadamu mafungu kumi na kuyapanga kwa duara: yanayokaribiana hupatana, yanayokabiliana huvutana. Kuna fungu la wema kwa watu wako wa karibu. Pembeni yake kuna fungu la haki na kuwajali watu wote, hata usiowajua. Halafu upande mwengine kuna fungu la mtu kujizuia asifanye jambo litakalowaudhi watu au kwenda kinyume na wanavyomtarajia. Niliposoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana miaka yote nilidhani muhali wangu unakaa kwenye fungu la wema. Kumbe mahala pake khasa ni kwenye hili la mwisho. Si kosa kuwa na tunu hiyo. Bila yake watu hawakai pamoja. Kosa ni kuiita kwa jina la jirani yake.

Nikupe la kwangu, ili usidhani nakuhubiria kutoka juu ya mnazi.

Nilikuwa kijana, mtunza ghala katika taasisi moja ambayo siitaji. Jirani yangu alikuja kuniazima makopo mawili ya rangi. "Jumatatu nitarejesha." Jirani huyo mkewe aliwapikia watoto wangu wiki tatu, mke wangu alipolazwa. Nimwambie nini? Nikampa. Jumatatu ikaja ikapita. Baadaye akaja mwengine aliyesikia kwamba fulani kapewa, na huyo naye sikuwa na uso wa kumkatalia. Siku ya kuhesabu mali ghala lilipungua makopo 11. Daftari la kutolea vitu lilikuwa mikononi mwa msaidizi wangu, kijana wa skuli juzi tu, mpole, ambaye hakujua lolote. Akaulizwa yeye. Nilikaa kimya siku nne. Siku ya tano nilikwenda kusema, lakini barua yake ya kuhamishwa ilikwishaandikwa, na ingawa baadaye ilifutwa, kijana hakunitazama tena machoni mpaka nilipoondoka pale.

Kabla ya siku zile ungeniuliza tunu yangu ya kwanza ningekwambia uaminifu, tena bila ya kusita, na ningeapa. Ghala lilisema jengine. Kitu nilichokuwa nikikithamini zaidi ni kutosemwa vibaya barazani kwetu, na kwa ajili yake nilikuwa tayari kumtoa kafara mtoto wa mtu. Wamarekani wawili, Chris Argyris na Donald Schön, waliligusa jambo hili mwaka 1974: mtu ana kanuni anazozisema akiulizwa, na ana kanuni ambazo vitendo vyake vinazifuata, na mara nyingi mwenyewe hajui kuwa ni seti mbili. Mimi nilizijua zangu kwa makopo 11.

Kwa hivyo, mwanangu, tunu hazitafutwi kwenye moyo. Moyo ni hodari wa kujisifu. Zitafute pale ulipoamua jambo lililomgusa mtu, na kwa kazi yako, pahala pazuri kuliko pote ni ratiba ya shifti.

Chukua ratiba za miezi mitatu iliyopita. Si kumbukumbu yako. Karatasi zenyewe, au picha zake zilizomo kwenye simu ya kundi lenu. Kaa nazo siku yako ya ofu, nyumbani, simu mbali. Hesabu mambo manne tu. Ofu za Ijumaa zilimwendea nani? Vyumba vya ufukweni, vile ambavyo mgeni akiondoka huacha tipu chini ya mto, alipangiwa nani mara ngapi, na vya nyuma karibu na jenereta vilimwangukia nani? Sikukuu nani alibaki kazini? Na kuchelewa: nani aliandikwa, nani alisamehewa? Andika majina na idadi. Usiandike sababu. Sababu zitakuja zenyewe, na zote zitakuwa nzuri.

Ninajua utakachokiona, maana nimewafanyisha zoezi hili watu wa ghala, wa wodi na wa jikoni. Utaona majina matatu au manne yanarudi upande wa neema, na matatu au manne yanarudi upande wa jenereta. Wa upande wa jenereta mara nyingi ni wale wasioomba. Hawana baya na wewe, hawana jamaa yako, hawajui kulalamika. Utakuwa umewalipa watu kwa kuomba na kuwatoza wengine kwa kunyamaza. Itakuuma. Iache iume siku mbili tatu, usikimbilie kupanga upya.

Lakini usitafute aibu peke yake, na hapa wengi hukosea. Katika ratiba hizo hizo kuna pahala ulifanya jambo ambalo hapana aliyekuomba, hapana aliyekusifu, na likakugharimu. Sijui ni lipi. Pengine kuna mama anayenyonyesha ambaye umempa shifti ya asubuhi miezi yote, wenzake wakanung'unika, na hukubadilisha. Pengine ulikataa kusaini kuwa chumba kimekaguliwa wakati hakijakaguliwa, na mapokezi wakakasirika kwa kuwa mgeni alikuwa amesimama na mabegi yake. Pahala kama hapo pawekee alama. Hiyo ni tunu yako, na nina hakika haimo kwenye yale matano, au imo kwa jina kubwa mno hata hukuitambua. "Kumlinda asiye na mtetezi" ni kitu. "Upendo" ni neno la kadi ya harusi.

Sisi Waislamu tuna muhasaba, na naona umetutosha kuliko mafunzo mengi. Sayyidna Umar anapokewa akisema: jihesabuni wenyewe kabla hamjahesabiwa. Basi baada ya Isha, kabla hujalala, chukua jambo moja tu la kazini la siku ile. Moja. Jiulize: nilipoamua, nilikuwa namtazama nani usoni? Ukiandika mstari mmoja kila siku kwa mwezi, utakuwa na mistari kama 25, na hutohitaji mkufunzi akwambie wewe ni nani.

Kuna na hasira. Hasira ya dakika tano haina maana; jua kali, mashuka hayajakauka, kila mtu hukasirika. Nakusudia ile unayolala nayo ukaamka nayo. Ukikuta kinachokukasirisha siku tatu ni kuwa fulani alikujibu mbele ya watu, hilo ni jeraha la cheo, liache lipone. Ukikuta ni kuwa msichana mpya alisingiziwa taulo lililopotea na hapana aliyemsemea, shika hapo hapo. Wewe ungeweza kumsemea? Kwa nini hukumsemea? Majibu ya maswali mawili hayo yatakwambia tunu yako ni ipi na nini kinachoikalia juu.

Sasa watu. Mkufunzi bila shaka alikwambia uwaulize walio chini yako wanakuonaje. Usifanye. Hapa kwetu hapana atakayekwambia. Na wao wana muhali na wewe, tena wewe ndiye unayepanga ofu zao. Watakwambia "Mashaallah dada, unatuongoza vizuri", na wewe utaondoka umefarijika bure. Uliza kitendo, usijiulizie nafsi yako. Mtafute mtu mzima mmoja anayeheshimika, labda yule wa dobini aliyekwishaona masupavaiza wanakuja na kuondoka, umuulize hivi: "Mama, watu wanajua ni jambo gani ambalo wakinijia nalo nitakubali tu? Na lipi wanajua sitokubali hata wafanyeje?" Halafu nyamaza. Usijitetee, usieleze. Akikwambia "ukililiwa tu basi", au "anayetoka Pemba hakosi", umepata jibu lenye thamani ya cheti chako mara kumi. Na akikwambia "wanajua hukubali mtu atukanwe", hilo pia lipokee, usilione dogo.

Ukishafika hapo utakuwa na vitu vitano au sita, vyengine vya kujivunia, vyengine vya kuona haya. Vipange kama alivyotaka Rokeach, kwa kuvigonganisha viwili viwili kwa mambo ya kweli ya hapo hotelini. Nitakupa mgongano mmoja, kwa kuwa najua unakuja. Masika yataingia, Aprili na Mei wageni hupungua, na meneja atakwambia: nataka majina sita ya kupumzishwa mpaka msimu. Nani? Waliokuja mwisho? Wenye kazi mbovu? Wasio na watoto? Yule kijana wenu yumo au hayumo? Ukiweza kuliandika jibu leo, hali hapana aliyekulilia, na ukawa tayari kulisoma mbele ya wote 22, hapo umeshazipanga tunu zako. Ukiona huwezi kulisoma mbele yao, rudi kwenye daftari.

Juu ya zile tunu za hoteli zilizobandikwa ukutani karibu na chumba cha kubadilishia nguo, sina mengi. Zifuate. Zikipingana na zako kwenye jambo dogo, ni kazi tu. Zikipingana kwenye jambo kubwa, kama kuambiwa uwakate watu tipu zao au udanganye kwenye saa zao za kazi, hapo hapana duara la Schwartz litakalokusaidia. Utakataa au utakuwa umekwishachagua.

Nataka kukutajia mtu mmoja, maana vijana mkisikia uongozi mnatajiwa matajiri wa Marekani. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa mwalimu wa skuli hapa Unguja kabla ya siasa. Mwaka 1977 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Muungano. Kulikuwa na watuhumiwa waliofia mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga. Yeye hakuwapiga wala hakuamuru wapigwe. Alijiuzulu, kwa kuwa waliofanya walikuwa chini yake. Wakati ule lazima wako waliomwona amepoteza kila kitu. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka uliofuata Rais wa Tanzania, mpaka 1995. Simtaji kwa ajili ya urais. Angeweza asiupate kamwe na kitendo kingebaki na uzito ule ule. Namtaja kwa sababu alipozikwa Mangapwani mwaka 2024 wengi tulikikumbuka kile cha 1977 kabla ya mengine, na mimi binafsi nilikaa kimya nikikumbuka siku zangu nne za ghalani.

Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Hao 22 umewachunga wewe. Kijana wenu ni mmoja kati ya 22.

Ukishazipanga, usizitangaze kama maneno. Ukisimama asubuhi kwenye mkutano ukasema "tunu yangu ni haki", watatazamana. Zigeuze ziwe mambo ambayo mtu mwengine anaweza kukushika nayo. Mfano: vyumba vya ufukweni vitazunguka kwa wiki, kila mtu kwa zamu yake, na zamu itabandikwa. Ofu ya sikukuu aliyeikosa mara moja hatoikosa inayofuata. Anayechelewa mara tatu kwa mwezi anaitwa, yeyote awaye, na anaitwa faraghani. Kumkosoa mtu mzima itakuwa pembeni, kwa salamu, kwa jina analoitwa na wanawe, lakini itakuwa. Hili la mwisho najua linakutisha kuliko yote. Jaribu hivi: "Shikamoo mama. Chumba namba saba nimekipita, choo hakijakaa sawa. Naomba tukirudie, nitakuja kukitazama tena saa tano." Heshima yake yote iko kwenye shikamoo, na kazi yote iko kwenye saa tano. Heshima na ukweli hazikupata kugombana. Tunazigombanisha sisi kwa uvivu.

Manne matano yanatosha. Usiandike kumi na mbili. Na anza na lile linalokugharimu wewe, kabla ya yale yanayowagharimu wao. Kama ratiba imeonyesha kuwa wewe mwenyewe hukubaki kazini sikukuu hata moja, basi Idi ijayo baki. Watu wataliona hilo kabla hujafungua mdomo.

Tuje kwa kijana.

Kwanza, umemdhulumu. Najua unaona umemfanyia hisani. Amekaa miezi yote hiyo akijua kuwa kuchelewa hakuna neno, na wenzake wakimchukia kwa jambo ambalo yeye hakulitunga peke yake. Kwa hivyo mazungumzo yaanze na kosa lako: "Nilikunyamazia, nimekukosea." Halafu mwambie tarehe alizochelewa, kwa idadi, uzisome kwenye karatasi. Halafu mwambie kuanzia Jumatatu atatendewa kama wengine: mara ya tatu ataitwa, na baada ya hapo ni barua kwa utaratibu wa hoteli, na barua hiyo utaisaini wewe. Msikilize pia. Pengine anakaa mbali na daladala ya kwanza haimfikishi kwa wakati. Hilo lina dawa, mpangie shifti ya mchana kama ungempangia yeyote mwenye shida hiyo. Pengine analala usiku wa manane na simu mkononi. Hilo dawa yake anayo mwenyewe. Usimpe mazungumzo haya mbele ya watu, na usiyafanye nyumbani kwako juu ya sahani ya wali. Yafanye kazini, mlango umefungwa, wewe umevaa sare.

Akibadilika, alhamdulillahi. Asipobadilika, utaratibu uende, na hilo ndilo litakaloumaliza mnong'ono wa upendeleo.

Na kabla ya hapo, mama mdogo. Hili usilifanye kwa ujumbe wa sauti, tafadhali. Panda boti siku zako za ofu, shuka Mkoani, nenda mpaka Wete, ukakae naye jikoni. Asisikie kwa watu. Mweleze kuwa kijana anachelewa, kuwa ulimficha, na kuwa sasa hutomficha. Atasema maneno. Atasema umekuwa mkubwa siku hizi, na pengine atakukumbusha nani alikulea ulipokuwa ukisoma. Usimjibu hata moja, maana yote ni kweli. Muhali utakukaba pale, na si aibu ukilia. Lakini usiondoke na ahadi tofauti na ile uliyokwenda nayo. Na akikuuliza sasa nani atamwangalia mwanawe huko Unguja, mwambie utamwangalia wewe, kila siku, saa moja kasoro robo asubuhi, mlangoni.